Colt ya Rosalie

Walt Brubaker aliisoma kadi ya mke wangu kwa sauti ileile anayotangazia bahati nasibu ya bata mzinga. Rosalie alikuwa hajamaliza hata wiki tatu ardhini.

"'Colt Python yangu, ya mtutu wa inchi sita, apewe Clyde Mahaffey.' Na sahihi yake hii hapa chini."

Basi. Hakuna neno la mume, hakuna sababu. Wanachama ishirini na kitu wakawa wanaangalia vikombe vyao vya kahawa.

Katika klabu yetu ya shabaha kila mwanachama hujaza kadi anapoingia. Anaandika bastola yake apewe nani akifa, ili watoto na mashemeji wasije wakagombana mbele ya jeneza. Kadi zinakaa kwenye kabati la chuma na ufunguo anao Walt, mwenyekiti wetu. Yangu niliijaza mwaka wa sabini na moja, nikaandika Rosalie. Ya kwake nilijua imeandikwa Emil, maana tulizijaza siku moja, meza moja, kalamu moja. Kumbe aliibadilisha.

"Aliibadilisha lini?" nikamuuliza Walt.

"Machi, mwaka juzi."

"Kabla hajaugua."

"Kabla hajaugua, Emil."

Ningependa angenidanganya. Angesema ni wakati wa ugonjwa, ningelaumu dawa, na ningelaumu wale madaktari waliomwambia kwa miezi mitano kwamba ni vijiwe vya nyongo, tulia mama, kula supu. Lakini Machi mwaka juzi Rosalie alikuwa mzima kama chuma. Aliingia mle ofisini, Walt akamfungulia kabati, akaweka sahihi kando ya sahihi yake, halafu huyo Walt akakaa na mimi kila Jumamosi kwa miaka miwili, tukinywa kahawa ya birika moja, asifungue mdomo. Wakubwa wote ndivyo walivyo. Wenye kiwanda cha bolti walifunga geti siku ya Ijumaa, barua tukaipata Jumatatu. Miaka thelathini na mmoja nimekata uzi wa bolti pale. Wanaojua huwa hawasemi, na asiyejua ndiye anayeondoka na ndoo yake ya chakula mkononi.

Clyde Mahaffey alikuwa amekaa karibu na jiko. Ni fundi bunduki, mrefu, mikono mikubwa lakini myepesi kama ya mwanamke anayeshona. Hajawahi kuoa. Alisimama, akapokea kile kisanduku cha mbao, akanitazama, akataka kusema kitu. Nikatoka nje.

Sasa nieleze kidogo juu ya bastola hizi, maana ndizo zilizokaa nyumbani kwetu kama wake wenza.

Mimi ni mtu wa Smith & Wesson. Baba yangu alikuwa mtu wa Smith, na bastola yangu ni ile ya risasi za thelathini na nane aliyoninunulia nilipotoka jeshini. Smith ni trekta. Ipe mafuta, isahau ghalani, irudie, itawaka. Ukiiangusha, unaipangusa na suruali. Colt ni kitu kingine. Rangi yake ya samawati imeingia ndani kabisa ya chuma, ukiitazama unaona uso wako na aibu zako. Ukivuta kifyatulio chake hadi mwisho, silinda inajifunga kimya, haichezi hata unywele, kama mlango wa benki. Lakini inataka fundi. Ndani kuna kijino kinachosukuma silinda izunguke, na kijino hicho kikilika kidogo tu, tundu la risasi halikai sawasawa na mtutu. Hapo ndipo unapoambiwa bastola imepoteza majira, na si kila mtu anaweza kuirudishia saa yake.

Smith silinda yake inazunguka kwenda kushoto, Colt inazunguka kwenda kulia. Smith unasukuma kitufe mbele ili ifunguke, Colt unakivuta nyuma. Miaka kumi na minane mimi na Rosalie tulisafisha bastola zetu kwenye meza moja ya jikoni, gazeti moja limetandikwa, harufu moja ya mafuta, na kila kitu kinakwenda kinyume.

Aliinunua mwenyewe, kwa mshahara wake wa kantini ya shule. Na aliipiga. Nisiwe mwongo, aliipiga. Kwenye ligi ya majira ya baridi hakuna mwanamume aliyempita kwa misimu minne mfululizo; karatasi zake za shabaha bado zimebandikwa ukutani klabuni. Mimi nilikuwa wa sita, wa saba. Mwaka mmoja wa nne, wengine walipokuwa na mafua.

Kila Januari alikuwa anaipeleka kwa Clyde ikaangaliwe majira. Anaondoka baada ya chakula cha mchana, anarudi jua linazama. Saa tatu nzima! Smith yangu haijawahi kukaa kwa fundi hata dakika kumi. Siku moja nilimfuata. Nikaegesha gari upande wa pili, mbele ya duka la chakula cha mifugo, nikajifanya ninasoma bei za chumvi ya ng'ombe. Dirishani niliwaona wawili wameinama juu ya meza. Clyde anavuta nyundo ya bastola polepole, Rosalie ameweka sikio karibu na silinda, macho kafumba. Halafu akacheka. Alicheka kwa koo lote, kichwa nyuma. Mimi kicheko kile sikuwa nimekisikia jikoni kwangu tangu kiwanda kifungwe.

Hicho tu ndicho nilichokiona. Lakini mtu anaweza kuishi kwa kitu kidogo kama hicho miaka sita.

Nilingoja hadi mkutano wa Septemba. Jumapili ya mwisho ya Oktoba klabu yetu ina siku yake ya kumaliza ubishi: Colt moja, Smith moja, risasi mia tatu kila moja, hakuna kusafisha, hakuna tone la mafuta, hakuna bisibisi. Zote zinapigwa kwa kuvuta kifyatulio moja kwa moja, bila kupandisha nyundo kwa kidole gumba. Bastola itakayogoma kwanza imeshindwa, na watu wake wanawapikia watu wa upande wa pili kabichi chachu na nyama ya nguruwe. Ni mchezo. Mimi nikasimama nikaufanya usiwe mchezo.

"Mwaka huu nitaipiga Smith yangu mwenyewe," nikasema. "Na Clyde alete ile Colt. Ikigoma ya kwake, nairudisha nyumbani kwangu."

Bernice Tolley, ambaye ndiye mwandishi wetu wa alama na ana miaka sabini na mbili, akaweka miwani yake mezani. "Na ikigoma ya kwako, Emil? Clyde anapata nini? Paka wako?"

Watu wakacheka.

"Ikigoma yangu sitaitaja tena ile bastola."

"Huo mkataba mtamu," Bernice akasema. "Clyde, kubali upesi kabla hajabadili nia. Tumeisikia habari hiyo tangu mwezi wa tatu."

Clyde hakucheka. "Emil, usinilazimishe hivi. Njoo kwangu tuzungumze."

"Kwako wanakuja kuzungumza wake za watu."

Walt akagonga meza kwa kikombe, akasema mambo ya heshima, akasema mwenyekiti anasimamia kila kitu kiende kwa haki. Mwenyekiti! Clyde alikuwa amebadilika rangi hadi masikioni. Akasema, "Sawa. Nitaileta."

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipojiharibia.

Nina miaka sitini na sita na vidole vyangu vimeliwa na mashine. Kuvuta kifyatulio mara mia tatu si kazi ndogo. Lakini uongo wa vidole ni wa kuwaambia wengine. Ukweli ni kwamba Alhamisi kabla ya Jumapili ile nilikaa jikoni na Smith mkononi, tupu, nikaivuta, nikaivuta, nikasikia ilivyo nzito na yenye mchanga mchanga, nikakumbuka siku moja tu ambayo Rosalie aliniachia niivute ya kwake. Ilikuwa kama kuvuta uzi kwenye siagi. Nikaona uchungu. Kwa nini yeye awe na kile na mimi niwe na hiki? Kwa nini Clyde awe nacho sasa?

Mbele ya mpini wa Smith, chini, kuna skrubu ndogo inayokaza springi ya nyundo. Kila mtu wa Smith anajua: skrubu hiyo inakazwa mpaka mwisho, unaiacha. Wapo wapumbavu wanaoilegeza ili kifyatulio kiwe chepesi. Niliwacheka watu wa namna hiyo miaka thelathini. Nyundo ikikosa nguvu, inaibusu risasi badala ya kuipiga.

Nikailegeza. Mzunguko mmoja. Nikaivuta. Nikaongeza nusu.

Ilikuwa laini, jamani. Laini kama ya kwake.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilikwenda nyuma ya banda nikapiga risasi hamsini, zile ninazojaza mwenyewe, zenye fataki laini, kile kidonge cha nyuma kinachogongwa na nyundo kikawaka. Zote hamsini zikalia. Nikalala vizuri usiku huo, mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumapili ilikuwa na anga jeupe, baridi ya kukaza mkono, majani ya mitufaa yameanguka yote uwanjani. Nikafika na masanduku yangu ya risasi chini ya kwapa. Walt akanizuia mlangoni.

"Hizo rudisha kwenye gari, ndugu yangu. Mwaka huu kamati imenunua za dukani, sanduku moja kwa wote. Ili asitokee mtu wa kulalamika."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopiga kura. Jumanne."

"Mimi sikuwepo Jumanne."

"Wewe hujawepo Jumanne yoyote tangu mwezi wa tatu, Emil."

Unaona? Wanakaa watatu, wanapiga kura, unakuja kuambiwa mlangoni. Nikachukua risasi moja ya dukani nikaitazama matakoni. Fataki ngumu, inang'aa kama sarafu mpya. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa koti. Ningesema, "Subirini nikaze kitu kidogo," kwa kuwa mchezo ulikuwa bado haujaanza. Hakuna kanuni ya kunikataza. Lakini ningeitoa bisibisi ile mbele ya Clyde, naye angejua nimelegeza nini, na angejua kwa nini. Mkono ukabaki mfukoni.

Tukaanza. Yeye mstari wa pili, mimi wa tatu, ubao mwembamba katikati. Sita, fungua, tema maganda, jaza, sita tena. Bernice yuko nyuma yetu kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, anaweka vistari.

"Sitini kwa sitini!" akatangaza. "Hakuna aliyegoma. Hata mimi sijagoma, na nyonga yangu ni ya zamani kuliko bastola zote mbili."

"Colt itaanza kukohoa mia moja," mtu wa Smith akapiga kelele nyuma. "Hiyo ni saa ya mfukoni, si bastola!"

"Afadhali saa kuliko nyundo ya kugongea misumari ya ghala!"

"Nyundo haiendi kwa fundi kila Januari!"

Hilo neno la Januari lilinichoma, ingawa aliyelisema hakujua kitu. Nikamtazama Clyde pembeni. Alikuwa anaipiga Colt ile bila haraka, anaifunga silinda kwa kiganja taratibu, kama anamfunga mtoto kifungo cha koti. Hakuitupa ijifunge kwa mtikiso wa mkono hata mara moja jinsi wafanyavyo kwenye sinema. Ningependa angeitupa. Ningependa kumchukia kwa jambo fulani. Mtu anaishika bastola ya mke wako vizuri kuliko wewe unavyojua kuishika, utamshitaki wapi?

Mia moja. Mia moja na ishirini. Masizi yalianza kujaa. Colt iligeuka nzito kidogo kuzunguka, niliona kidole cha Clyde kinajikaza. Vunjika, nikasema moyoni. Vunjika mama.

Mia moja na thelathini na tatu, Smith yangu ikasema *tik*.

Hakuna mlio mdogo kama huo, na kila mtu uwanjani aliusikia.

"Imegoma!" akasema mtu.

"Risasi mbovu," nikasema. "Mmenunua takataka."

Walt akaja, amejaa ukubwa. "Kanuni iko wazi. Risasi ipewe nafasi ya pili. Ikilia, kosa ni la bastola. Isipolia, kosa ni la risasi."

"Basi nipeni niirudie."

"Kwenye bastola nyingine, Emil. Ndiyo kanuni."

Nyingine ilikuwa ipi? Ilikuwa moja tu. Bernice akaitoa ile risasi kwenye silinda yangu, akaishika karibu na miwani, akatazama kidonda kilicho kwenye fataki. Kilikuwa kidogo, kama kucha ya mtoto mchanga. Akanitazama mimi. Hakuniumbua, Mungu ambariki. Akampa Clyde.

Clyde akaipokea kana kwamba ni moto. Akaniangalia, akasema polepole, "Si lazima."

"Ipige," nikasema.

Akaiweka kwenye Colt ya Rosalie, akavuta. Ikalia safi, mlio mmoja mkavu, tundu kwenye tisa.

Watu wa Colt wakapiga makofi, mtu akaimba wimbo wa kabichi chachu. Mimi nilibaki nimesimama na trekta ya baba yangu mkononi, trekta iliyofanya kazi tangu vita vya Korea bila kugoma, niliyoiharibu mwenyewe jikoni kwa sababu ya kumwonea mtu wivu. Walt akamwambia Clyde amalizie mia tatu zake kwa ajili ya daftari la klabu, akazimaliza. Colt haikukohoa.

Nilikuwa nyuma ya jengo, kwenye pipa la maganda, Clyde alipokuja. Alikuja na vikombe viwili.

"Skrubu?" akauliza.

Nikamwaga maganda yangu ndani ya pipa.

"Mzunguko mmoja?"

"Na nusu."

Akatikisa kichwa. "Sijamwambia mtu."

"Mwambie nani unayemtaka. Panda juu ya jengo ukatangaze."

"Sina haja."

Hapo ndipo nilipopasuka. Ningestahimili angenicheka. "Mlikuwa mnafanya nini?" nikamwambia. "Kila Januari. Saa tatu. Niliwaona dirishani, Clyde, usinifanye mtoto. Bastola haihitaji saa tatu."

Akaweka kikombe changu juu ya pipa.

"Mwaka wa kwanza niliitengeneza mimi," akasema. "Mwaka wa pili akasema nimfundishe. Nikamwambia Rosalie, hii kazi wanaume wanaijifunza miaka. Akasema basi anza leo. Kijino kile, unakinyoosha kwa kugonga taratibu, halafu unasikiliza. Ukizidisha umekiua. Alikuwa na sikio kuliko mimi. Mwaka wa tatu aliirudishia majira mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia taa. Siku silinda ilipojifunga sawasawa alicheka kama mwendawazimu. Labda ndiyo siku uliyotuona."

"Hakuniambia."

"Alijaribu."

"Hakuniambia hata siku moja kwamba anatengeneza bastola."

"Alirudi nyumbani kwenu siku ile ya ligi, amepiga tisini na saba katika mia, kwa bastola aliyoitengeneza kwa mikono yake. Alikuwa amejitayarisha kukuambia. Akakuonyesha karatasi kwanza. Ulimwambiaje, Emil?"

Nilikumbuka. Ningetaka kusahau, lakini nilikumbuka mpaka sufuria iliyokuwa jikoni. Nilimwambia, *Ile bastola hata ukimpa kasisi kipofu atapiga tisini na saba.* Na sikulisema mara moja. Lilikuwa neno langu. Nililisema mbele ya watu, nikalisema Krismasi mbele ya dada yake. Bastola ndiyo inayopiga, mama, wewe unaishikilia tu isianguke.

"Alisema anataka aiache kwa mtu anayejua nani alikuwa anapiga," Clyde akasema. "Maneno yake hayo. Sikumwomba."

"Na mimi sijui?"

"Wewe ulisema ni bastola."

"Ni bastola!" nikasema. Sijui kwa nini bado nilisema. Mtu anaweza kushikilia neno bovu kwa sababu tu limekaa naye muda mrefu. "Colt ile ingempa mtu yeyote alama zile. Nipe mimi uone."

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Sawa. Piga sita. Mita ishirini na tatu, mkono mmoja, jinsi alivyokuwa anapiga. Yeye kwenye sita hakushuka chini ya hamsini na tano. Pata hamsini na tano, na kisanduku kile unaondoka nacho leo. Nitaandika mimi mwenyewe kadi nyingine, na Walt atatia sahihi."

"Usinifanyie huruma."

"Huruma gani? Umesema ni bastola."

Tukarudi. Clyde aliisafisha kwanza, mbele yangu, matundu yote sita, akapitisha kitambaa kwenye mtutu, asije mtu akasema ni masizi. Aliponiwekea mkononi ilikuwa bado ina joto. Mpini wa mbao ulikuwa umelika upande mmoja, mahali kiganja chake kilipokuwa kinakaa, na kiganja changu hakikuingia pale. Nikataka kuifungua nijaze. Kidole gumba kikasukuma kitufe mbele. Haikufunguka. Nikasukuma tena.

"Vuta, babu wewe, vuta!" Bernice akaniita kutoka kwenye blanketi lake. "Hiyo si Smith. Hiyo inataka uivute kwako."

Wakacheka, lakini kidogo.

Nikajaza. Nikasimama kama alivyokuwa anasimama, bega mbele, mkono wa kushoto mfukoni. Nikapandisha nyundo. Silinda ikazunguka kwenda kulia, ikajifunga kimya, na nikajua kwamba kile kimya ni kazi yake. Yeye ndiye aliyekigonga kile kijino, akasikiliza, akagonga tena. Miaka yote nilimwonea wivu Clyde, na sasa, nikiwa na mkono umenyooshwa, ukanigeukia ukawa wivu juu ya Rosalie mwenyewe, mke wangu, kwa kitu alichokijua na mimi sikukijua.

Kifyatulio kiliachia kama barafu nyembamba inayovunjika. Nikapiga sita. Niliziombea zote, moja moja, na nilichukua muda wangu.

Walt ndiye aliyekwenda kuileta karatasi. Alirudi akitembea polepole, anaiangalia, akaja akainyoosha juu ya meza ya Bernice. Tisa moja. Nane moja. Saba, sita, tano. Na ya sita haikuwemo ndani ya duara lolote, ilipita kwenye ukingo mweupe, karibu na mahali wanapoandika jina.

"Thelathini na tano," Bernice akasema kwa sauti ya chini.

Clyde alikuwa anatazama miguu yake. Walt akakohoa, akaniwekea mkono begani, na lazima niseme, kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijaribu kunisaidia.

"Ni upepo, Emil. Ulivuma kidogo pale ulipokuwa unapiga. Sote tumeusikia. Clyde atakuruhusu uzirudie."

Clyde akainua kichwa. "Azirudie akitaka."

Nikatazama nguzo ya bendera kando ya jengo. Bendera ilikuwa imelala kwenye nguzo kama taulo lililolowa. Nikavuta kitufe nyuma, safari hii bila kukosea, nikafungua silinda, nikatema maganda sita kiganjani. Nikampa Clyde bastola ikiwa wazi na tupu, mpini mbele, kama inavyotakiwa.

"Hakukuwa na upepo," nikasema. "Bernice, andika."

"Niandike nini?"

"Thelathini na tano. Andika jina langu, na mbele yake andika ni kwa Colt ya Rosalie Vargo. Karatasi ibandike pale ukutani, chini ya zile za kwake."

"Emil, hakuna anayekulazimisha," Walt akasema.

"Najua. Nipe gundi."